Mkono wa Pasi

Kazi ya dobi haina mwisho. Unafua shati, linavaliwa, linarudi na jasho lile lile. Mama Shoto aliianza kazi hiyo alipoolewa, na alikuwa amechoka tangu siku hiyo.

Asubuhi alifua uani. Mchana alipiga pasi katika chumba cha mbele, kwenye meza iliyotandikwa blanketi kuukuu. Pasi yake ilikuwa ya mkaa, nzito kama jiwe. Aliishika kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono huo huo alikata vitunguu, alishona vifungo na kuandika. Ndiyo maana wateja walimwita Mama Shoto, na jina likamganda.

Mume wake alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuonekana nyumbani kwa nadra. Aliyekuwapo kila siku ni baba mkwe wake, mzee mwenye pumu na maneno mengi. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, akazungumza na kila mpita njia, akalalamikia chai. Leo chai ni nyepesi. Kesho ni ya moto mno. Keshokutwa imepoa. Mama Shoto alimpenda mzee huyo kama baba yake mzazi, ingawa hakuwahi kupata nafasi ya kumwambia.

Upande wa pili wa ukuta alifanya kazi fundi cherehani. Ukuta ulikuwa mwembamba, na cherehani ilisikika kutwa.

Kisha ugonjwa mpya ukaingia. Mwanzo ulikuwa habari ya redioni. Baadaye ukawa habari ya mtaa wa jirani. Watu wakavaa barakoa, wakaacha kupeana mikono. Ilisemekana kwamba wazee na wenye mapafu mabovu ndio wanaoumia zaidi. Kila aliposikia hivyo, Mama Shoto alimtazama mzee pale mlangoni, na moyo ukamwenda mbio.

Halmashauri ilipoleta chanjo katika shule ya msingi, yeye alikuwa wa kwanza kwenda kutoka uchochoro wao. Alitaka kuionja mwenyewe kabla ya kumpeleka mzee. Foleni ilikuwa ndefu. Muuguzi alikuwa amechoka, na Mama Shoto pia.

"Mkono wa kushoto," alisema muuguzi, kama alivyowaambia wote waliotangulia.

Mama Shoto aliona haya kumsumbua. Akapandisha nguo begani, akachomwa.

Kesho yake mkono uliuma, na homa ikampanda. Hakuweza kuinua pasi. Alijaribu kwa mkono wa kulia, akaunguza kola ya shati la mteja. Nguo zikarundikana hadi dirishani. Fundi alipochungulia kumjulia hali, hasira na uchovu vilijibu kwa pamoja.

"Mkono umekufa, Fundi. Chanjo hiyo sirudi tena."

Baada ya siku mbili mkono ulipona. Lakini hilo hakumwambia mtu. Kazi zilikuwa zimemzidi, na nani huuliza habari za mkono usiouma? Fundi naye hakuwa mtu wa kukaa na jambo. Mteja akileta suruali ipunguzwe, anaondoka na habari. Tena Fundi alijua kutia chumvi. Kufikia jioni ya siku ile aliyochungulia, midomoni mwa watu mkono wa Mama Shoto ulikuwa umenyauka hadi begani, na uchochoro mzima ukaamua kubaki nyumbani.

Siku zile za homa, mzee naye alikuwa na jibu lake. "Wako umekufa," alisema. "Na wangu ukifa, nani atanishikia kikombe?"

Wiki zikapita. Siku moja cherehani ikanyamaza. Mama Shoto alidhani uzi umekatika. Siku iliyofuata haikulia tena. Mchana gari la ofisi ya mtaa likaja, na Fundi akatolewa kwenda hospitalini akiwa ameshikiliwa na watu wawili, akivuta pumzi kwa shida. Mama Shoto alisimama na pasi mkononi akimtazama. Alikumbuka maneno yake mwenyewe, na yakamchoma.

Alasiri ile mhudumu wa afya wa mtaa alipita kuona kama mke wa Fundi ana maji na chakula. Kisha akaingia kwa Mama Shoto. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kutangaza kwenye kipaza sauti. Aliketi juu ya furushi la nguo chafu bila kuuliza.

"Mbona hukurudi kwa dozi ya pili?" aliuliza.

Mama Shoto alimweleza yote huku akiendelea na kazi. Mhudumu hakumkatiza. Alikuwa akiangalia pasi inavyokwenda na kurudi.

"Unapiga pasi kwa kushoto," alisema mwishowe.

"Nimezaliwa hivyo."

"Na walikuchoma mkono upi?"

"Huu huu."

Mhudumu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la khanga. "Kosa letu hilo, dada. Watu wengi hutumia mkono wa kulia, kwa hiyo tunachoma wa kushoto bila kuuliza. Lakini ungesema tu. Chanjo ni ile ile, mkono wowote."

"Kwa hiyo haukuharibika ndani kwa ndani?"

"Umeshika nini sasa hivi?"

Mama Shoto aliitazama pasi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, alitaka kucheka.

Mhudumu alimweleza taratibu. Mkono kuuma na homa ya siku moja au mbili ni jambo la kawaida. Mwili unajifunza kuutambua ugonjwa. Ikiwa maumivu yatazidi, au pumzi itabana, mtu arudi haraka. Ndiyo maana kila aliyechomwa huambiwa akae kidogo kwenye benchi kabla ya kuondoka. Na kwa chanjo ile, dozi moja ni kazi nusu.

"Nikimaliza zote mbili, sitaugua kabisa?"

"Unaweza kuugua. Sitakudanganya. Lakini mara nyingi utaugulia kitandani kwako, si hospitalini. Kwa mzee mwenye pumu, tofauti hiyo ni kubwa. Amwambie tu muuguzi habari za pumu yake."

Mama Shoto akashusha pumzi. "Na kazi je? Nikilala siku moja, nani atapiga pasi?"

Mhudumu alisema wengi waliuliza hivyo, wala si uvivu. Kwa hiyo ofisi ya mtaa ilikuwa imewapanga majirani wachanjwe kwa zamu. Nyumba mbili zisilale siku moja. Aliye mzima anamshikia kazi aliyelala, anamchotea maji, anampikia. Na kwa wazee wasioweza kupanga foleni, muuguzi huja hadi nyumbani.

"Basi mwambie mzee," alisema Mama Shoto.

"Mimi? Kanifukuza mara mbili."

Kiti cha mlangoni kililia kidogo. Mzee alikuwa amesikia yote. Mama Shoto aliweka pasi chini, akamwendea.

"Baba, mkono wangu ulipona. Ulipona zamani. Umeniona na pasi, lakini sikumwambia mtu."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimechoka. Fundi aliyasikiliza maneno yangu, na umeona alivyobebwa. Sitaki uwe wewe, baba. Naogopa."

Mzee alitazama ukuta ambao cherehani haikulia nyuma yake. 

"Anza wewe," alisema. "Nikikuona tena na pasi, waje."

Safari hii muuguzi aliposema "kushoto", Mama Shoto alitikisa kichwa. "Wa kulia, tafadhali. Huu mwingine ni wa kazi." Muuguzi akacheka nyuma ya barakoa.

Homa ilikuja kama mhudumu alivyosema. Mke wa Fundi, ambaye Mama Shoto alimpikia chakula siku ambazo mumewe alikuwa amelazwa, alikuja kupiga pasi. Mama Shoto alilala mchana kutwa. Hakukumbuka mara ya mwisho alipolala hivyo. Alipofumbua macho, mzee alikuwa amesimama mbele yake na kikombe mkononi. Chai ilikuwa nyepesi na imepoa. Aliinywa yote, bila kulalamika.

Siku ya pili alirudi mezani. Siku chache baadaye muuguzi akaja, na mzee akanyoosha mkono wake huku akigeuza uso ukutani. Wiki kadhaa baadaye alipata na dozi ya pili, pale pale kitini. Fundi naye alirudi, amekonda, cherehani ikilia kidogo na kupumzika sana. Wateja waliomletea suruali sasa waliondoka na habari nyingine: akishapona vizuri, yeye mwenyewe atapanga foleni ya chanjo.

Ugonjwa haukuwaacha. Ulimfika mzee pia. Alikohoa, akashikwa na homa, akakaa kimya kitandani. Mama Shoto alivaa barakoa, akafungua madirisha, akamwita mhudumu. Kila asubuhi aliogopa kuingia chumbani kwake. Lakini gari la ofisi ya mtaa halikuhitajika.

Asubuhi moja alisikia kiti cha mlangoni kikilia, kisha sauti.

"Hii chai imepoa."

Mama Shoto aliweka pasi chini. Akaketi juu ya furushi la nguo chafu, akalia kidogo. Kisha akainuka kwenda kuipasha moto.