Miksi ya Mama Regina

Magharibi ile Purity alitumwa chumvi, akashukuru kimoyomoyo. Kwao bondeni mtandao ni dhaifu: kupokea unaweza, kutuma ni shida. Mtu wa Kibugu akitaka kutuma kitu kizito kwa simu hana budi kupanda hadi kituo cha kupimia majani chai. Alinunua chumvi kwenye duka la hapo, akaegemea ukuta wa mbao wa kituo huku ukungu ukishuka kutoka msituni, akafungua grupu ya familia na kuituma ile miksi.

Alikuwa ameitengeneza mwenyewe kwa simu, jikoni, wenzake wakiwa shambani. Ilikuwa ya sherehe ya mama mkwe wake, Mama Regina, aliyekuwa akitimiza miaka sabini. Alitafuta nyimbo za magita za zamani, zile ambazo Mama Regina alizicheza akiwa msichana, akaziunganisha moja na nyingine hadi usijue huu umeishia wapi na ule umeanzia wapi. Katikati aliushusha muziki akaweka sauti yake: “Hii ni ya mama yetu, Mama Regina. Ni mimi, Purity, mke wa Njuki. Mungu akuongeze miaka.”

Maneno hayo aliyarudia mara nyingi kabla ya kuridhika nayo.

Alikuwa ametoka Meru kuja kuolewa katika boma lile miaka minne iliyopita, akakuta kaburi chini ya michai na mtoto wa kike anayetambaa. Muthoni, mke wa kwanza wa Njuki, alinyeshewa akichuma chai, akaanza kukohoa, na mwezi haukuisha kabla hajazikwa. Hakuna aliyemtusi Purity. Hawakuwa watu wa matusi. Walisema tu jiko la Muthoni, vikombe vya Muthoni, mtoto wa Muthoni. Mtoto mwenyewe, Kawira, alimwita Purity mami, na hilo ndilo lililomfanya asihesabu mengine.

Simu ilianza kutetemeka mkononi. Makopa mekundu. Vikatuni vinavyocheza. Beverlyne, dada mdogo wa Njuki anayefanya kazi Siakago, aliandika, “Wifi, hii umeweza!” Purity alicheka peke yake pale ukutani.

Kisha ukaingia ujumbe wa sauti wa Mama Regina. Alikuwa akilia.

“Asante, mwanangu,” alisema. Hakuwahi kumwita mwanangu. “Asante kwa kuniletea sauti yake.”

Sauti yake... nani?

Beverlyne aliandika tena, safari hii kando. “Wifi, hiyo rekodi ya Muthoni uliitoa wapi?”

Purity aliiweka simu sikioni, akasikiliza tangu mwanzo. Magita. Ngoma. Muziki ukashuka, akajisikia mwenyewe akisema Mungu akuongeze miaka. Hapakuwa na mtu mwingine.

Aliporudi nyumbani, Njuki alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni, simu sikioni, macho ameyafumba.

“Uliipata wapi?” alinong'ona.

“Baba Kawira, hapo ni mimi nimeongea.”

Njuki alimtazama kama mtu aliyetaniwa msibani. “Hapana. Ni yeye. Anaita mtoto. Anasema, Kawira, njoo nikusuke.” Akairudisha simu sikioni. “Yuko mbali kidogo. Kama ng'ambo ya mto.”

Purity hakulala vizuri. Asubuhi alikwenda sokoni kwa Mwaniki, fundi wa simu. Mwaniki alikuwa mgeni, hakumjua Muthoni wala kaburi lake. Alimwekea miksi, akamwomba aseme anachosikia. Fundi alitikisa kichwa akifuata ngoma, halafu akaacha.

“Kuna mwanamke anaita mtoto,” alisema. “Kawira.”

“Yuko mbali?”

“Mbali wapi?” Mwaniki aligeuka akatazama uchochoro nyuma yake. “Huyu ni kama amesimama hapa nje.”

“Na mimi? Hunisikii nikiongea?”

“Wewe uko wapi hapo, mama?”

Purity aliifuta miksi kwenye grupu siku hiyo hiyo. Haikusaidia. Kila mtu alikuwa ameihifadhi. Mama Regina alikuwa akiisikiliza akiwa anakamua ng'ombe, akiisikiliza akimenya viazi. Njuki aliondoka na kikapu cha kuchumia chai asubuhi, akarudi nacho kitupu, betri ya simu imekwisha. Purity alipomwomba mama mkwe iachwe, iwekwe nyingine siku ya sherehe, mama alimtazama kwa mshangao wa kweli.

“Kwani inakuwasha nini, Purity? Si wewe ndiye ulituletea?”

Hapo alielewa. Kwa miaka minne alikuwa akitafuta kitu kimoja cha kufanya kiwapendeze. Sasa alikuwa amekifanya, na yeye hakuwamo ndani yake.

Jumamosi ya sherehe, boma lilijaa. Mbuzi, mukimo wa viazi, maharage ya njahi, masufuria ya chai. Asubuhi Purity alimwosha Kawira nywele, akazichana tayari kuzisuka, lakini jiko lilimwita, mtoto akabaki na nywele zimesimama. Alasiri mvua ilikuja na upepo wa mlimani, hema likavuja, watu wakasogea ndani ya nyumba kubwa. Spika ya kanisa ikaingizwa nayo. Purity alipata kiti karibu na mlango, akampakata mtoto.

Giza lilipoanza kuingia, Mama Regina alisema, “Sasa mniwekee yangu.”

Watu walicheza. Wazee kwa vijana, mabega yakipanda na kushuka. Hata Purity mguu wake ulipiga sakafu bila kutaka.

Kisha muziki ukashuka.

Kwenye spika ile kubwa alijisikia wazi, kila neno. Hii ni ya mama yetu, Mama Regina...

Hakuna aliyemtazama.

Wote walikuwa wamegeukia mlango.

Komeo lilikuwa limefungwa kwa ajili ya mvua. Mama Regina alilifungua taratibu, kama mtu anayemfungulia mgeni aliyechoka na safari. Ukungu ukaingia. Nyuma yake ikaja harufu... majani chai mabichi, na udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

Purity alimkumbatia mtoto kwa nguvu. Mama Regina akarudi, akamgusa bega, na mkono wake ulikuwa mpole kuliko siku zote.

“Inuka kidogo, mama,” alisema. “Mwenye kiti amefika.”

Purity alimtafuta Njuki kwa macho. Njuki alikuwa akiangalia sakafu.

Aliinuka. Baadaye hakuweza kueleza kwa nini aliinuka. Labda kwa sababu katika nyumba ile hakuwahi kuketi bila kujiandaa kuinuka.

Kawira aliteleza kutoka mikononi mwake, akaketi sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye kiti kitupu, shingo ameinamisha. Ndivyo anavyoketi mtoto anayesukwa.

Shungi la nywele likainuka.

Likagawanyika mafungu matatu. Yakaanza kujikunja, moja juu ya jingine, kwa haraka ya vidole vinavyoijua kazi yao.

Hakuna aliyepiga kelele. Beverlyne alikuwa akilia huku anacheka. Mtu mmoja aliongeza sauti ya spika.

“Kawira,” Purity aliita. “Twende, mami.”

Mtoto hakugeuza kichwa. Yeyote anayesukwa hukatazwa kugeuka.

Purity alitoka na mvua ile. Langoni alisimama, akangoja, akijiambia kwamba Njuki atakuja nyuma yake, hata kama ni kwa ajili ya kumletea koti. Alingoja hadi viatu vikajaa maji. Ndani walikuwa wameanza tena kucheza.

Sasa anaishi Majengo, Meru, katika chumba cha kupanga nyuma ya bucha, na alfajiri huwapikia wachinjaji chai na mahamri. Hakuna aliyemfuata. Njuki hakupiga simu. Ni Beverlyne peke yake aliyepiga, miezi kadhaa baadaye, jioni, akiwa amefika Kibugu kumsalimu mama yake.

“Wifi, nimeona nikujulie hali tu.”

“Mtoto?”

“Mtoto yuko sawa. Yuko sawa sana. Amenona. Kila Jumamosi anaamka akiwa amesukwa, na hapa kwetu hakuna anayejua msuko ule.”

“Huwa ananiuliza?”

“Nilimwonyesha picha yako jana,” Beverlyne alisema. “Akaniuliza huyu ni nani. Nisamehe, wifi. Ningekudanganya ungejua.”

Purity alitaka kujibu, akasikia kitu nyuma ya sauti ya Beverlyne. Mwanamke alikuwa akimwita mtoto aje ale, chakula kinapoa. Halafu vicheko vya Kawira, na miguu yake midogo ikikimbia.

“Bev, ni nani huyo anaita?”

“Anaita nani?” Beverlyne alishusha sauti. “Mimi niko huku juu kituoni, nimefuata mtandao. Niko peke yangu.”

Purity hakukata simu. Aliikandamiza sikioni, akasikiliza. Mwanamke alikuwa akipuliza chakula, akimwambia mtoto afumbue mdomo, akimsifu kwa kila tonge. Ilikuwa sauti nzuri, ya mama mwenye subira. Alitafuta ndani ya sauti ile chembe ya ubaya, kitu ambacho angeweza kukichukia, na hakukipata.