Kikohozi Chumbani kwa Babu

Kikohozi kilisikika kwenye hedifoni tu. Raymond, aliyetoka Dar kuja kurekodi filamu, alizivua, akachungulia chumbani, hamna mtu, akazivaa tena.

"Dada Rogathe, nani anakohoa humo ndani?"

"Upepo huo, kaka." Makanya upepo haukosi, na vumbi la jasi. Lakini Raymond alipomvisha hedifoni naye asikie, Rogathe alimkaza mtoto mgongoni, maana upepo haumalizi kikohozi kwa mluzi.

Chumba kilikuwa cha Nathanaeli, babu wa mumewe, mtaalamu wa serikali wa kupima vyakula. Wakati wa vita vya Kagera alisema unga wa askari una sumu. Haikupita wiki, akakutwa ananing'inia humo. Wakubwa wakasema kajinyonga, eti komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Akazikwa bila ibada, na ukoo ukabaki kunyooshewa vidole. Ndiyo maana Rogathe aliikubali filamu ya kifo kile: mwanawe alipewa jina la babu, na hakutaka arithi na ile aibu.

"Wewe utakuwa bibi, mkewe," Raymond alimwelekeza. "Gonga, mwite jina, kama alivyofanya siku ile."

"Pale mlangoni marehemu haitwi jina kabla ya kumwagiwa dengelua," mama mkwe wake, Dorkas, alidakia.

Raymond akacheka. "Pombe ya miwa, mama? Si mmesema nyie Wasabato?"

"Msabato mimi. Yeye hajaniuliza dini. Nisubirini, nakwenda kuomba kwa jirani." Akatoka mbio na chupa ya chai tupu chini ya kanga, asije akakutana na mzee wa kanisa.

Hawakumsubiri. Jua linahama, Raymond alisema, mara moja tu dada yangu, na Rogathe akaurudishia mlango, akagonga.

"Nathanaeli! Nathanaeli, fungua!"

Mlango aliourudishia tu haukusukumika. Kisha komeo likakwaruza kwa ndani, taratibu, kama linavutwa na mtu asiye na nguvu, mlango ukaachia, harufu ya unga uliovunda ikamjaa puani mpaka kooni, na kabla hajarudi nyuma akakisikia kile kikohozi, si kwenye hedifoni sasa, hapa, nyuma ya sikio lake, na mtoto aliyekuwa akirusha miguu mgongoni akatulia, akatulia mno, akawa mzito kama gunia, na alipomfungua akamkuta macho yamemtoka, mdomo wazi, hapumui.

"Mama! Mama, mwanangu!"

Dorkas aliingia anahema, akaimwaga dengelua yote kizingitini.

"Shikamoo, baba. Wamekosea hawa. Jina ni lako, mtoto ni wetu. Mwachie."

Saruji ikaifyonza pombe pale pale, haikubaki hata unyevu. Mtoto akavuta pumzi, akalia.

Rogathe akamfungua kifungo cha shingoni. Kulikuwa na alama nyekundu.

"Za kamba?" Raymond alinong'ona.

Dorkas aliinama, akatazama, akajishika mdomo. Upande mmoja vidole vinne. Upande wa pili, gumba. Mkono wa mwanaume.

"Hakujinyonga, alikabwa," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa anatuonyesha."

"Basi ameshaonyesha, mama, tumeona, aende zake!" Rogathe alimkumbatia mwanawe, akimbembeleza, nyamaza baba, nyamaza, yameisha.

Mtoto akanyamaza. Akaegemeza kichwa kifuani kwa mama yake, akakohoa, kikohozi kizito cha mtu mzima, na mwishoni mluzi.