Nguo za Kushindia

Asubuhi hiyo mpokezi wa kliniki ya meno alikutana ana kwa ana na yeye mwenyewe, ila yule mwenzake hakuwa na kichwa.

Alikuwa akipenya katikati ya watu waliokuwa mbioni kuwahi kazini, mkoba begani, viatu vikigonga sakafu ya barazani, alipotupa jicho kwenye dirisha la duka kubwa la nguo lililotazamana na kliniki yao. Sanamu ya dirishani ilivaa gauni la rangi ya haradali, mkanda mwembamba wa kahawia na skafu ya bluu iliyofungwa mkononi badala ya shingoni. Alijitazama. Gauni la haradali, mkanda wa kahawia, skafu mkononi. Wasichana wawili waliokuwa nyuma yake wakacheka chinichini, mmoja akasema dada wa watu kaiga mpaka fundo.

Damu ilimchemka. Kuigwa angevumilia, lakini kuambiwa kaiga, hapana. Utotoni alivaa nguo zilizomfikia zimeshachoka, baada ya kupita kwa watoto wa mama mkubwa mmoja baada ya mwingine, na shuleni hawakumwacha apumue. Tangu apate mshahara wake wa kwanza aliapa kwamba jicho la mtu halitamkuta ovyo tena. Hata kwenda kutupa taka alibadilisha nguo kwanza.

Aliingia dukani moja kwa moja. Mpambaji wa madirisha alikuwa juu ya ngazi na pini zimemjaa mdomoni, kwa hiyo maskini ya Mungu alizipokea lawama zote akiitikia kwa kichwa. Alipomaliza kuzitema pini kiganjani, alishuka.

"Samahani, jirani," alisema. "Nakuona kila asubuhi ukivuka. Hiyo sanamu nimejaribu kuivisha kila namna, na kila nikimaliza nakuta nimekuvisha wewe."

Mpokezi alitaka kuendelea kugomba, hasira ikamponyoka. Kijana mwenyewe alikuwa amepigwa pasi kuanzia kola hadi kisigino: kizibao cha kijivu, tai ya zambarau, suruali yenye mkunjo wa kukatia mkate. Watu wawili wanaopenda nguo kiasi hicho wakikutana, hawaachani upesi.

Mchana simu ya kliniki ililia. Sauti ya kiume ilieleza kwamba ina jino linaloiuma kila saa ya chakula cha mchana. Mpokezi aliuliza ni jino la juu au la chini.

"Linahama," sauti ikajibu. "Nadhani linataka mtu wa kula naye."

Ndivyo yalivyoanza. Mpokezi alimwita yule mpambaji Pini, na Pini hakuacha kumwita jirani, akilitamka kwa namna iliyomfanya daktari, mama wa makamo asiyependa mzaha, amtazame mpokezi wake juu ya miwani. Walikula pamoja, wakatembea pamoja jioni wakiwasema wapita njia na viatu vyao, wakataniana kwenye simu mpaka mdogo wake mpokezi, aliyeishi naye chumba kimoja na sebule, akajifunika mto masikioni. Jambo moja tu lilimkwaruza. Nyumbani kwa Pini mpokezi hakuwahi kuingia. Kila alipomfuata alimkuta getini, tai ishafungwa, yuko tayari kutoka.

Kisha Jumapili moja mafua yalimlaza mpokezi. Mlango ulipogongwa alidhani ni mdogo wake kasahau ufunguo, akafungua alivyo: jezi ya zamani ya kaka yake, namba imebanduka nusu mgongoni, sketi yake ya shule iliyolegea mpira, imeshikizwa kiunoni kwa pini, soksi moja ya kijani na nyingine ya njano, na kichwani kipande cha soksi ndefu kilichokatwa mguu, kushika nywele. Mlangoni alisimama Pini na mfuko wa machungwa.

Pini alimtazama kuanzia kichwani hadi soksi. Mpokezi alitamani sakafu ipasuke immeze. Alimkalisha, akajifunika blanketi hadi kidevuni, akamtaka aahidi kwamba hakuona kitu.

"Sijaona kitu," Pini aliahidi. Akamkamulia machungwa, akaosha na vyombo, tai ameitupia mgongoni isilowe.

Siku chache baadaye mdogo wake alimpigia simu akiwa njiani kwenda kazini. "Dada, leo usipite dukani. Zunguka, uingilie mlango wa nyuma."

"Kuna nini?"

"We zunguka tu, dada yangu. Nakuomba."

Mtu akiambiwa hivyo hupita palepale. Alipita. Dirishani, chini ya taa kali, palikuwa na sebule yake. Sanamu imeegemea kiti, jezi yenye namba iliyobanduka nusu, sketi ya marinda imeshikizwa kwa pini kiunoni, soksi ya kijani, soksi ya njano. Safari hii hata kichwa kilikuwepo, kimevikwa kipande cha soksi ndefu. Juu yake maandishi makubwa: NYUMBANI. Watu walijazana wakipiga picha. Alishika mbele ya gauni lake, maana kwa muda hakuwa na hakika kama lipo.

Alijifungia chumba cha kuchemshia vyombo vya daktari, akapiga simu.

"Uliniambia hujaona kitu."

"Jirani, nisikilize kwanza. Tajiri wangu wa duka alitaka dirisha la nguo za nyumbani. Mzigo wote umekwisha, watu wanaulizia mwingine. Wamependa."

"Wamependa nini? Mimi nilikuwa nauza?"

Pini akasema polepole, "Ile Jumapili ndiyo nilijua nataka kuishi na wewe. Kusema nilishindwa. Nikasema kwa kazi ninayoijua."

"Ungeniambia mimi. Umeuambia mji mzima." Aligeukia ukutani daktari asisikie. "Nguo zile hata mama yangu mzazi akija nabadilisha. Wewe umeniona. Mimi tangu tujuane sijawahi kuona hata kifungo chako cha juu kimefunguliwa. Dirisha ni lako, sanamu ni mimi. Basi."

Akakata.

Kabla ya jioni sanamu ilikuwa imeshavuliwa, lakini moyo wa mpokezi haukutulia. Akaanza kupitia uchochoro wa nyuma. Simu za Pini hakupokea. Mdogo wake, aliyezipokea badala yake, alileta habari kwamba kijana kakonda kwa sauti. Mpokezi alijibu kwamba sauti haikondi, kisha akaingia bafuni kulia. Alimpenda, na hilo ndilo lililomkera kuliko picha zote za mjini.

Asubuhi moja alikuwa akiwapangia wagonjwa zamu alipoona daktari katoka nje ya chumba chake, glavu mikononi, mgonjwa kamwacha kitini kinywa wazi.

"Binti, weka hiyo simu chini. Njoo uone."

Ng'ambo ya barabara umati ulikuwa mkubwa kuliko ule wa mwanzo. Dirishani, juu ya kiti kilekile, hapakuwa na sanamu. Alikaa Pini. Alivaa bukta ya mistari iliyofumuka pindo, singlendi yenye matundu kifuani, na juu yake sweta la kike la rangi ya waridi, kubwa, limevutika mikono. Miguuni kandambili, moja nyekundu, nyingine nyeupe iliyofungwa waya. Magoti ameyabana pamoja, macho kayafumba, jasho linamtiririka. Watu walikuwa wakicheka mpaka wanashikana mabega.

Mpokezi aliweka mkono mdomoni. Alidhani angefurahi, kumbe aliingiwa na hofu, hofu ya mtu anayeona mtu wake anapigwa hadharani. Hakukumbuka kuvuka barabara. Alimpita tajiri wa duka aliyekuwa akifoka karibu na kaunta, akafungua kilango kidogo cha nyuma ya dirisha, akaingia kwenye joto la taa.

"Toka humu."

Pini alifumbua macho. "Bado."

"Wanakupiga picha."

"Najua." Akafuta jasho kwa kiganja. "Jirani, inauma. Nilidhani najua, sikuwa najua. Nisamehe."

Alimtazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Alikuwa na shingo nyembamba ambayo kola zilikuwa zikiificha, na alama ya kuungua kwa pasi kwenye mkono.

"Sweta la nani?"

"La mama. Ndilo nashinda nalo." Akalivuta pindo lake. "Ndiyo maana sikukukaribisha. Hivi ndivyo ungenikuta kila jioni, maisha yote. Nauliza kama utaweza."

Nje mtu aligonga kioo. Mpokezi hakugeuka. Alivua viatu vyake vya visigino, akamwambia asogee, akakaa naye kwenye kile kiti kimoja mbele ya mji mzima.

"Siku mama yangu akija, uvae tai," alisema. "Siku nyingine zote, hilo sweta."