Aliyegonga Nguzo

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Chiriku alipita mbele ya baraza la majirani wawili. Jina la Chiriku alipewa na wenzake wa darasa la sita, na hawakukosea, kwa maana msichana huyo aliongea tangu kufumbua macho hadi kuyafumba. Upande wa kulia wa baraza aliketi mshonaji na cherehani yake. Upande wa kushoto aliketi mzee fundi viatu, katikati ya makopo ya gundi na viatu vilivyochoka. Macho ya mzee yalikuwa hafifu, basi mshonaji alianza siku kwa kumtungia uzi kwenye sindano zake zote, ndipo akashika kazi yake mwenyewe.

"Shikamooni," Chiriku alisema bila kupunguza mwendo.

"Marahaba. Leo umechelewa, au mdomo umetangulia miguu ikabaki?" mshonaji alimtania.

Mwezi ule mwalimu wa historia alikuwa akiwafundisha habari za mgodi wa chuma uliokuwa nyuma ya mji. Mgodi ulifungwa kabla wazazi wao hawajazaliwa. Kilichobaki ni tundu la handaki lililozibwa kwa zege na njia ya matoroli iliyomezwa na nyasi. Mwalimu alieleza kwamba maji ya zamani sana yaliacha chuma kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, mpaka mawe ya kilima yakawa mekundu na mazito.

"Lakini kwa nini mgodi ulifungwa, vitabu vyetu havisemi," alimaliza. "Nendeni mkawaulize waliofanya kazi humo."

Chiriku alipangiwa fundi viatu, ambaye ujanani alisukuma toroli mgodini. Alimwendea Jumamosi. Mzee alikuwa mzito wa kusikia, kila swali lilirudiwa mara tatu, na jibu la kwanza lilianzia utotoni mwake. Ng'ambo ya barabara wenzake walikuwa wakiruka kamba. Chiriku akafunga daftari.

"Nitarudi, babu," alisema. Hakurudi.

Jumapili alasiri aliketi mezani akajiandikia mwenyewe. Kalamu ilimkolea. Aliandika habari za mlinda nguzo, ambaye mwalimu aliwahi kumtaja darasani, yule aliyeangalia nguzo za mbao zilizoshikilia paa la handaki. Siku moja alilala usingizi, hakuona nguzo zikipinda, handaki likaporomoka na mgodi ukafungwa. Chini ya karatasi aliandika: Nimesimuliwa na mzee fundi viatu.

Mwalimu aliisifu kazi hiyo darasani, akaibandika ukutani. Ijumaa wazazi walipokuja kutazama kazi za watoto, mshonaji alikuwemo, maana mwanawe wa mwisho alisoma darasa la nne. Alisoma karatasi ile, akairudia.

"Haya amekwambia mzee mwenyewe?" aliuliza taratibu.

Chiriku alihisi masikio yakimwaka moto. Angeweza kusema kweli pale pale, na yangekwisha. "Ndiyo, mama," alijibu.

"Mlinda nguzo alikuwa baba yangu," mshonaji alisema. "Hakupenda kabisa kuzungumzia mgodi. Sasa nimejua sababu. Ila mzee angeniambia mimi kwanza." Akageuka akaondoka.

Jumatatu cherehani haikuwepo barazani. Ilikuwa imehamishiwa ndani, ikisikika nyuma ya mlango uliorudishwa. Mzee aliketi peke yake, akilamba uzi na kulikosa tundu la sindano, akilamba tena na kulikosa tena.

"Sijui nimemkosea nini jirani yangu," alimwambia Chiriku. "Nikimsalimu, ananijibu huku anatazama pembeni."

Chiriku alimtungia sindano mbili, akakimbilia shule. Siku zile aliwagawia wenzake chakula chake chote, nao walimuuliza kama anaumwa jino. Alijua fika kinachomuuma. Alijiambia maji yakimwagika hayazoleki, lakini hata msemo huo haukumpa raha, kwa kuwa aliyeyamwaga ni yeye na aliyekuwa akilowa ni mwingine.

Alhamisi baada ya masomo alikwenda kwa mzee na daftari lake. Tuseme ukweli, hakwenda kuungama. Alikwenda akiomba moyoni kwamba alichokitunga kiwe kimetokea kweli.

"Babu, mlinda nguzo alikuwa mtu gani?" aliuliza kwa sauti kubwa.

Uso wa mzee ukachangamka. "Yule? Alikuwa na nyundo ndogo. Kila asubuhi, kabla hatujaingia, alizigonga nguzo moja moja na kutega sikio. Nguzo nzima ina sauti yake, na iliyoelemewa ina yake. Mwaka ule mvua ilinyesha wiki nzima. Juu ya mawe ya chuma palikuwa na tabaka la udongo wa mfinyanzi. Tazama kiatu hiki: ngozi juu, gundi katikati, soli chini. Gundi ikilowa, vinaachana. Udongo ule ulilowa, kilima kikaanza kuteleza. Tukiwa tumeshaingia, yeye alirudi kuzigonga tena, kwa sababu hakuiamini mvua ile. Akasikia. Akatutoa wote. Mimi niling'ang'ania toroli, ujinga wa ujana, akanisukuma kwa mikono miwili mpaka nje. Handaki lilianguka nyuma ya visigino vyake. Tulihesabiana, watu kumi na wanane, hakupungua hata mmoja."

Chiriku aliweka kalamu chini. Aibu ilimjaa mpaka machoni.

"Babu," alinong'ona, "nilidanganya."

"Nani kadanganywa?"

"Mimi nilidanganya."

"Paza sauti, mjukuu wangu. Masikio yamezeeka."

Hakukuwa na njia ya kuungama kwa siri mbele ya mzee yule. Chiriku alisimama, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Niliandika kwamba mlinda nguzo alilala. Nilitunga mwenyewe, halafu nikasema umeniambia wewe."

Cherehani ikanyamaza. Mlango ukafunguliwa, na mshonaji akatoka, utepe wa kupimia ukiwa shingoni.

"Mama, nisamehe," Chiriku alisema akilia. "Hakulala. Ndiye aliyewaokoa."

Mshonaji alimgeukia mzee. "Siku sita nimekununia mzee wangu, wala sikukuuliza. Nisamehe na mimi."

"Nilidhani harufu ya gundi imekushinda," mzee alisema, na mshonaji akacheka huku akijifuta machozi.

Kisha akamwambia Chiriku, "Ungeniharibia kitambaa, ningetia kiraka. Lakini baba yangu hawezi kufufuka aje shuleni kujitetea. Kesho utawaambia wote walioisoma karatasi ile."

Ijumaa Chiriku alisimama mbele ya darasa, akabandua karatasi kwa mkono wake, akasema yote. Wengine walicheka. Mwalimu hakucheka.

"Alama zako nimezifuta," alisema. "Na mimi nimekosa, nilisifu maneno matamu bila kuyachunguza. Sikilizeni, watoto. Kutojua si aibu. Anayesema hajui, tutakwenda kutafuta pamoja naye. Anayejaza pengo kwa uongo anawapoteza wote wanaomfuata, na njiani anamuumiza mtu asiye na hatia. Chiriku, nenda ukaanze upya."

Jumamosi aliketi barazani tangu asubuhi. Mzee alianzia utotoni, na safari hii Chiriku hakutazama wanaoruka kamba. Mshonaji alikuwa ameacha kushona ili asikilize, kwa kuwa mengi ya yale hakuwahi kuyasikia.

Jua lilipokaribia utosini, Chiriku alifika mwisho wa ukurasa. "Mama, niandike kwamba baba yako alikuwa shujaa?"

"Mzee amesema shujaa?"

"Hapana. Amesema aligonga nguzo, akasikia, akawatoa watu kumi na wanane."

"Basi andika hivyo hivyo," mshonaji alisema. "Inatosha."