Msalaba wa Piko

Kila siku alfajiri, kabla ya kuvaa sare za shule, Elihuruma alikata majani ya ng'ombe nyuma ya migomba huku akikariri Amri Kumi kwa sauti. Hiyo ilikuwa amri ya kumi na moja, na aliyeitoa ni mama yake, kwa sababu mtihani wa kipaimara ulikuwa umekaribia. Ng'ombe alisikiliza kwa utulivu wa mzee wa kanisa. Baada ya miezi ya mafundisho hayo, bila shaka ng'ombe yule angeweza kusimama mbele ya usharika na kujibu bila kubabaika. Elihuruma hakuweza. Alifika amri ya nne akiwa mzima, ya tano akajikwaa, na kuanzia hapo amri zilisukumana kama mbuzi mlangoni.

"Usiibe ni ya ngapi?" Mama yake aliuliza kutoka jikoni.

"Mama, zote ni muhimu."

"Nimeuliza ni ya ngapi!"

Elihuruma alimtazama ng'ombe. Ng'ombe hakumsaidia.

Mtihani wenyewe hufanyika kanisani, Jumamosi, siku moja kabla ya kipaimara. Watoto husimama mbele ya wazazi na wazee wa kanisa, na mchungaji huwauliza mmoja mmoja. Anayeshindwa husubiri mwaka ujao. Kwa familia ya Elihuruma, inayoishi kwenye miteremko ya Meru juu ya Tengeru, kusubiri halikuwa jambo dogo. Ndugu wa Usa River na wa Kijenge walikwisha kualikwa. Suti ilikuwa kwa fundi. Mbuzi alikwisha kuchaguliwa, ingawa yeye hakuulizwa maoni.

Katika dhiki hiyo alitokea Sadoki, rafiki yake wa dawati moja, mshauri mashuhuri wa mambo asiyoyajua.

"Sikiliza, wewe," alisema Sadoki. "Mchungaji anataka kuona nini? Imani. Sasa ya kwako iko wapi? Haionekani! Iweke mahali ionekane. Chora tatuu ya msalaba mkononi. Akiuona, atakuuliza nini tena?"

"Si ni dhambi?"

"Dhambi gani? Wale wageni wa hoteli za Usa River huja ibadani na misalaba mpaka shingoni, na wazee wanawapa viti vya mbele."

Hoja hiyo ilikuwa nzito. Tatizo lilikuwa moja tu: Elihuruma aliogopa sindano kuliko alivyoogopa simba. Sadoki akalitatua papo hapo. Piko haina sindano. Ni rangi nyeusi wanayopakwa maharusi, na baada ya muda hufifia yenyewe.

Siku ya soko walishuka Tengeru. Karibu na wauza mitumba alikaa dada mmoja aitwaye Brenda, mpambaji wa maharusi kwa hina na piko. Alimtazama Elihuruma kuanzia viatuni.

"Mama yako anajua?"

"Ndiyo, dada. Yeye ndiye aliyenituma."

Brenda alikoroga unga mweusi kwenye kikopo, akachora msalaba mzuri juu ya kifundo cha mkono wa kulia. "Ukisikia unawasha, osha haraka, kisha urudi unieleze," alisema.

Jioni hiyo hiyo mkono ulianza kuwasha. Elihuruma hakuosha, wala hakurudi. Alivaa sweta la mikono mirefu na kujiona mfia dini.

Kwenye darasa la kipaimara, Mwinjilisti Solomoni, ambaye ndiye aliyekuwa akiwafundisha, alifungua kitabu cha Walawi. Alisoma pale watu wanapokatazwa kujichanja kwa ajili ya wafu na kuandika alama miilini. Kisha alivua miwani.

"Kwa hiyo tatuu ni machukizo. Mmesikia?"

Elihuruma alinyoosha mkono wa kushoto. "Mwinjilisti, hata ya msalaba?"

"Hata ya msalaba."

"Na kama ni ya piko?"

"Kwa nini unauliza?"

"Namuulizia jirani."

Alitoka pale kichwa kikimzunguka. Akaenda kwa Bibi Nosim, mama wa baba yake. Bibi alizaliwa kwa Waarusha, akaolewa Meru, na kila shavu lake lina alama ya mviringo iliyochomwa kwa moto zamani. Bibi huyo huyo huimba katika kwaya ya akina mama, tena kwa sauti ambayo haihitaji spika.

"Shikamoo Bibi. Eti alama zako ni dhambi?"

"Marahaba. Dhambi tangu lini? Niliwekewa nikiwa mchanga, ili macho yasiugue. Sikuulizwa."

"Ulipobatizwa, mchungaji alisema nini?"

"Alisema nifumbe macho, maji yasiingie."

Sasa Elihuruma alikuwa amechanganyikiwa kabisa. Kitabu kinakataza. Wageni wenye tatuu wanakaa mbele. Bibi ana alama na anaongoza nyimbo. Akaamua kuufuta msalaba kwanza, kisha aendelee kufikiri. Aliusugua kwa sabuni, halafu kwa mchanga, halafu kwa stilwaya ya kusugulia sufuria. Msalaba haukufutika. Ngozi ndiyo iliyovimba, yakatokea malengelenge yaliyofuata mistari yote kwa uaminifu mkubwa.

"Mbona unavaa sweta kwenye jua hili?" Mama aliuliza.

"Nahisi baridi, Mama."

Mama alimpa chai ya tangawizi, akamfunika blanketi, akaongeza na la pili. Hivyo ndivyo uongo mdogo ulivyompika mwenyewe akiwa hai.

Jumamosi ikafika. Kanisa lilijaa. Mchungaji Sia, mama mpole mwenye macho yasiyopitwa na kitu, aliwauliza watoto mmoja mmoja. Zamu ya Elihuruma ilipofika, jasho lilikuwa limefika kidevuni.

"Elihuruma, amri ya nane?"

Ajabu ni kwamba aliikumbuka. "Usimshuhudie jirani yako uongo!"

Mama yake alifumba macho kwa shukrani. Lakini Mchungaji alikuwa akitazama mkono wa sweta, ambao ulikuwa umelowa majimaji.

"Vizuri. Mkono wako una nini?"

"Hauna kitu, Mchungaji."

Neno la amri lilikuwa bado halijapoa mdomoni mwake. Elihuruma alilisikia mwenyewe, na machozi yakamtoka.

"Una kitu," alisema, akapandisha sweta.

"Yesu wangu!" Mama alipiga kelele.

Mwinjilisti Solomoni alisimama. "Tatuu! Na nimefundisha juzi tu! Huyu asubiri mwaka ujao."

Wazee kadhaa walitikisa vichwa kukubali. Hapo Bibi Nosim akainuka kwenye benchi la kwaya, taratibu.

"Solomoni mwanangu, asubiri kwa sababu ya alama?"

"Ndiyo, Bibi. Imeandikwa."

"Basi na mimi nitasubiri naye. Niandalie kiti darasani. Yeye ana alama moja, mimi nina mbili."

Watu wakacheka. Mwinjilisti alifuta miwani iliyokuwa safi. "Bibi, zako ni za mila. Tena ni za zamani."

"Kwa hiyo zikizeeka hazihesabiwi?"

Mwinjilisti akaanza kupekua Biblia yake upya.

"Tutabishana baadaye," alisema Mchungaji Sia. "Mkono kwanza."

Yeye na Mama walimpeleka Elihuruma zahanati. Muuguzi alisafisha kidonda, akapaka dawa, akafunga bandeji. "Piko hii ni rangi ya nywele, haikutengenezwa kwa ngozi," alisema. "Ungekuja ilipoanza kuwasha, tungeitibu mapema. Sasa huenda kovu likabaki."

Walipokaa kwenye benchi nje, Elihuruma alishindwa kuvumilia. "Mchungaji, nimechanganyikiwa. Ni dhambi au si dhambi?"

"Wakristo wenyewe hatukubaliani," Mchungaji alijibu. "Mwinjilisti Solomoni anasoma katazo, na wengi wako pamoja naye. Wengine wanasema Waisraeli walikatazwa kuiga desturi za mataifa jirani za kuomboleza wafu. Ethiopia wako akina mama Wakristo wenye misalaba kwenye paji la uso, na wanaiheshimu. Mimi ningekushauri usichore. Mwili ni zawadi, si ubao wa kufanyia mazoezi, na mtoto hafanyi jambo kama hilo wazazi wake wasijue. Lakini hebu niambie, kwa nini ulichora?"

Elihuruma aliinamisha kichwa. "Ili usiniulize maswali."

Mchungaji alicheka mpaka muuguzi akachungulia dirishani. Kisha akawa makini. "Basi ulitaka kujificha nyuma ya msalaba. Ulimwambia nini dada aliyekuchora?"

"Kwamba Mama ndiye aliyenituma."

"Na Mama?"

"Kwamba nasikia baridi."

"Na mimi ulinijibu hauna kitu. Mwanangu, kuhusu tatuu tunaweza kubishana mpaka mlima ushuke. Kuhusu uongo huo, mimi, Bibi yako na Mwinjilisti hatubishani hata kidogo. Ndio ulioumiza mkono wako kuliko ile rangi, kwa sababu ulimzuia kila mtu ambaye angekusaidia."

Mama aliukamata mkono wake mzima. Elihuruma aliuliza kwa sauti ndogo, "Na kesho?"

"Amri ya nane. Maana yake nini?"

Maneno ya kukariri yalikimbia yote. Akabaki na yake. "Nisiseme uongo hata nikiogopa. Na niende kwa dada Brenda nikamwambie Mama hakunituma, asije akalaumiwa kwa kosa langu."

"Kwenye kitabu cha kipaimara haijaandikwa hivyo."

"Najua, Mchungaji."

"Leo ni siku ya soko. Nenda kabla hajafunga vitu vyake. Nitazungumza na wazee."

Alikwenda pamoja na Mama, akasema ukweli wote. Brenda alikasirika, halafu akauangalia mkono, akaumwaga ule unga mtaroni.

Wazee walikubali, na Jumapili Elihuruma alisimama kwenye mstari wa wanakipaimara, bandeji ikijaza mkono wa koti. Mwinjilisti Solomoni alipita akiwakagua, akasimama mbele yake. Aliukunja mkono wa koti polepole ili usibane kidonda.

"Mwaka ujao utakuja kunisaidia kufundisha amri ya nane," alinong'ona.

"Na habari ya tatuu, Mwinjilisti?"

Mwinjilisti alitupa jicho upande wa kwaya ya akina mama. "Hiyo nitaisoma upya kwanza. Nenda, unaitwa."

Elihuruma akaenda, akapiga magoti, na Mchungaji Sia akaweka mikono juu ya kichwa chake.