Mashine ya Akiba

Siku ya mnada wa ufuta, mashine ya ghala la Ruangwa ilimkataa Raudha. Aliandika jina na neno lake la siri, akarudia, akarudia tena. Mashine ikasema yeye si karani wa ghala. Na bila karani kuthibitisha uzito, mzigo hauingii mnadani. Nje ya dirisha wakulima wa Mandawa walikuwa wamekaa juu ya magunia yao, na mbele yao kabisa alikaa mjomba wake, Mzee Mustafa, aliyemlea.

Raudha akampigia simu Harithi, fundi wa kompyuta wa chama chao cha ushirika, aliyekuwa ofisi kuu Nachingwea.

"Harithi, umenitoa?"

"Nimekutoa wapi, mama?"

"Kwenye mashine. Inasema mimi si karani. Juzi nimekwambia posa isubiri mjomba auze ufuta, ukanuna, hata simu hukupiga. Leo ndiyo unanikomoa?"

"Raudha, huku seva kubwa yenyewe imeungua tangu asubuhi. Niko chini ya meza, nina vumbi mpaka masikioni."

"Basi ya kwako imekufa, ya kwangu inanikana. Na mjomba ananitazama." Akakata.

Harithi alibaki sakafuni na simu mkononi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, aliyeachwa na mke mmoja, na uchovu wake haukuwa wa siku ile tu. Kununa alikuwa amenuna kweli. Lakini jina la Raudha hakuligusa.

Walikuwa wamekutana stendi ya Nachingwea, msimu wa korosho, watu wamefurika hadi barabarani. Raudha alikuwa amevaa gauni la zambarau na mtandio wa njano, ameketi juu ya boksi kana kwamba ni sofa.

"Dada, umekalia boksi langu."

"Nimechoka, kaka. Boksi lenyewe halijalalamika. Lina nini?"

"Majina ya watu."

"Basi niandike na mimi, maana nimeshakaa."

Ndani ya boksi ilikuwamo mashine ya akiba, inakwenda ghala la Ruangwa, na kumbe Raudha naye alikuwa anakwenda kuanza kazi ghala hilohilo, kama msaidizi. Njiani Harithi alimweleza. Asubuhi mtumishi anaingia mara moja tu. Seva ya Nachingwea ikishamtambua, milango yote inamfungukia: mizani, stakabadhi, malipo. Seva hiyo ikianguka, mashine ya Ruangwa inashika zamu, kwa sababu kila usiku inanakili majina yote na kazi zao.

"Kama mke mdogo," Raudha alisema. "Anasubiri mkubwa augue."

Harithi alicheka mpaka kijasho kikamtoka. Mapenzi yao yalianzia hapo.

Sasa seva kubwa ilihitaji kifaa ambacho Nachingwea hakipatikani. Tegemeo lilibaki mashine ya akiba, nayo ilikuwa imemkataa mtu wake. Harithi akapanda pikipiki.

Alifika Ruangwa mwekundu kwa vumbi. Wanunuzi walikuwa wanaondoka. Ofisini alimkuta Raudha, dera lake la bluu limelowa jasho mgongoni, na meneja wa ghala, Bwana Saturnini, amesimama juu yake kama askari. Raudha hakumsalimu.

Harithi akaifungua mashine kwa neno la siri la mafundi, akatazama. Kila kitu ndani yake kiliishia mwezi wa Machi. Raudha bado alikuwa msaidizi. Ukarani aliupata Aprili.

"Haijanakili kitu tangu masika," alisema. "Usiku huwa inazimwa?"

"Nazima mimi," Raudha akajibu. "Kila jioni nikifunga ofisi nachomoa kila kitu ukutani."

"Nani alikuambia?" Saturnini akafoka.

Raudha alimtazama Harithi, kisha akatazama chini.

Ndipo Harithi alipokumbuka. Machi ile radi zilikuwa zinapasua miti, naye kwa hofu alimpigia: "Mpenzi, ukitoka chomoa kila kitu. Usije ukaniungulia."

"Kila kitu?"

"Kila kitu, mama."

Mashine ya akiba hata hakuifikiria. Mvua zikaisha, na hakumwambia aache. Kila asubuhi kioo cha kompyuta yake Nachingwea kilionyesha alama nyekundu ya Ruangwa, naye akisema, "Mtandao wa huko tena," akaendelea na chai yake.

"Raudha, kaandike barua ya kujieleza," Saturnini alisema. "Na funguo za kabati ukabidhi."

"Asiandike," Harithi alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia. Na alama niliiona miezi yote, nikapuuza. Andika jina langu."

Alirekebisha cheo cha Raudha kwenye mashine, ikamkubali papo hapo. Mnada ulikuwa umeshafungwa.

Nje, Raudha alimfuata.

"Ungenyamaza tu."

"Wewe mbona ulinyamaza?"

"Mimi nilikuwa nakuficha, mjinga wewe."

"Nilijua. Ndiyo maana nikasema."

Raudha akamfuta vumbi usoni kwa ncha ya mtandio, mbele za watu, bila kujali. "Nilidhani umenifuta."

"Kununa najua. Kukufuta sijui."

Mzee Mustafa, aliyesikia yote kupitia dirishani, aliinuka juu ya gunia. "Wewe ndiye uliyelaza ufuta wangu?"

"Ni mimi, mzee."

"Na posa unataka kuniletea mimi?"

"Wewe, mzee. Kwenu mjomba ndiye anayeozesha."

Mzee alimpima toka viatu hadi kichwa. "Magunia haya yanalala ghalani. Hatukodi mchukuzi. Beba."

Harithi akainama, akabeba.

Yaliyopotea ni haya. Wakulima wa Mandawa waliuza ufuta wao mnada uliofuata, bei ikiwa imeshuka. Raudha alirudishwa kwenye usaidizi. Harithi alifukuzwa kazi, akahama nyumba ya chama Nachingwea, na leo anatengeneza simu kibandani sokoni Ruangwa. Nikaha yao ilisomwa Mandawa, Harithi amevaa kanzu ya kuazima. Na bega lake la kulia, tangu yale magunia, halinyanyuki vizuri.