Jina Lililoshonwa Ndani

Uzi wa kahawia ulikwisha saa kumi na mbili kasoro, suruali ya mteja ikiwa na mguu mmoja tu.

"Kimbia kabla hajafunga," mama alisema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Na usiniletee ule wa juzi. Ule ni rangi ya kutu, si kahawia. Miaka minne ya chuo kikuu, rangi hujui."

Binti akachomeka miguu kwenye ndala, akatoka. Mtaani walimwita Digrii, na si kwa heshima. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, shahada ya historia yenye muhuri unaong'aa, na faili zima la barua za kukataliwa kazi. Zote zilianza vilevile: We regret to inform you. Kiingereza chake chote cha chuo kilikuwa kimebaki hicho. Watu wa maofisini wanataka uzoefu wa miaka mitano kwa mtu aliyemaliza jana, utadhani wenyewe walizaliwa na tai shingoni.

Lakini jioni hiyo alitembea kama mwenye pa kwenda. Simu yake ilikuwa na picha moja, na picha hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki kati yake na kazi.

Miezi mitatu nyuma alijiunga na grupu la mtandaoni la watu wenye jina la ukoo kama lake. Jina lenyewe lilitoka upande wa mama. Baba alikuwa amepotea kabla Digrii hajaota meno, akaondoka na la kwake. Grupu lilikuwa na watu mia nne na ushee, wametapakaa nchi kadhaa, hawajawahi kuonana uso kwa uso, ila ukiingia tu wanakuita damu. Karibu nyumbani, damu. Kila mmoja alijaza kipande chake kwenye mti mmoja mkubwa wa ukoo. Mti wenyewe ni visanduku vya majina, na mistari inayoshuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Chini ya kila jina kuna neno moja kati ya mawili: hai, au marehemu.

Aliyemsaidia zaidi alijiita Binamu. Mtu mzima, kwa jinsi alivyoandika. Mpole, hana papara, hatumii vikatuni vya emoji. Ndiye aliyempa ahadi. Kuna wanaukoo ng'ambo wana ofisi ya kutunza nyaraka, wanataka mtu aliyesoma historia, mkataba wa miaka miwili. Sharti lilikuwa moja tu, mti wa mwombaji uwe umekamilika vizazi saba, bila pengo.

Kukamilisha haikuwa kazi ndogo, maana familia yao ilikuwa na tabia ambayo Digrii hakuwahi kuiona kwa wengine. Hawakuandika majina yao pamoja. Jina la babu mkubwa lilikuwa nyuma ya picha kwa shangazi. La baba yake, kwenye ukingo wa meza kwa mjomba, limechongwa kwa kisu. Lingine alilijua bibi kizee mmoja wa upande wa mbali, tena kwa kichwa tu. Kila mtu alishika jina la mmoja, wa pili hamjui, na ukimuuliza anabadilisha mazungumzo.

Digrii aliita huo ujinga wa watu wasiosoma. Akazunguka kwa ndugu wiki nane, akaokota moja hapa, moja pale, akayapanga yote kwenye ukurasa mmoja. Kazi safi. Profesa wake angempigia makofi, kama profesa wake angekumbuka sura yake.

Likabaki pengo moja.

Mama.

Majina mama alikuwa nayo. La kitambulisho, la shuleni, na hilo la Fundi ambalo mtaa mzima ulimwita. Binamu aliyakataa yote. Hayo si yake, aliandika. Nataka la kuzaliwa, alilonong'onezwa na mama yake.

"Mama, ulipozaliwa uliitwaje?"

"Niliitwa kula, nikaja," mama alijibu, na pini mdomoni.

Basi jana yake, mama alipokwenda kumpima bibi harusi, Digrii alichukua wembe akafumua mto wa kiti cha cherehani. Tangu utotoni aliona mama anabadilisha foronya ya mto huo, lakini mto wenyewe haruhusu mtu kuugusa. Ndani alikuta kitambaa cha kichanga, kimekunjwa mara nne. Na jina, limedariziwa kwa uzi mweusi, kwa mkono wa bibi, herufi ndogo ndogo kama chungu.

Akapiga picha. Akarudishia mshono vibaya. Mtoto wa fundi, kushona hajui.

Dukani alipata uzi wake. Pale kwenye kona, ambapo mtandao unashika, akaituma picha.

Jibu lilikuja hata kabla hajashusha mkono.

"Ahsante, mjukuu."

Mjukuu? Alicheka kidogo. Akafungua mti. Kisanduku cha mama kilikuwa kimejaa, jina lile la uzi mweusi, na chini yake: hai. Akapandisha kidole juu, juu zaidi, akijivunia kazi yake, kizazi kwa kizazi, marehemu, marehemu, marehemu… mpaka kileleni, kwa yule wa kwanza kabisa. Amezaliwa miaka mia moja na sitini iliyopita.

Hai.

Kosa la kuandika, alijiambia. Akabadilisha: marehemu. Neno likakaa pale sekunde mbili. Likarudi.

Hai.

Akabadilisha tena. Likarudi tena. Simu ikatetemeka.

"Usinisumbue," aliandika Binamu. "Niko njiani."

Digrii alikuwa na ulimi wa kumjibu mtu yeyote duniani, wenye vyeo na wasio nao. Safari hii aliitia simu mfukoni akaanza kurudi nyumbani, haraka kuliko alivyotaka ionekane.

Mbele yake njiani kulikuwa na mtu.

Hakumwona alikotokea. Mtu mrefu, koti limempita mabega, anatembea pole pole katikati ya njia. Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza. Harufu ya nguo zilizofungiwa sandukuni miaka mingi, nguo za mtu aliyekwisha kufa, ambazo hakuna aliyethubutu kuzigawa. Kila akifika kwenye mlango wa nyumba, mtu yule aliinama, akasogeza uso karibu na mbao kama anayesoma. Kisha anatikisa kichwa. Anakwenda mlango unaofuata.

Mwanga wa mwisho wa jua ukampiga shingoni. Digrii akasimama.

Kisogo kile alikijua. Mikunjo miwili, na shimo dogo katikati. Alikiona kila siku mama akiwa ameinamia cherehani. Kwenye picha za mahafali alikuwa amekiona chake mwenyewe.

Mtu yule akakata kona. Kona ya kwao.

Digrii alipita uani kwa jirani, akaruka beseni la nguo, akaingia kwa mlango wa jikoni akihema.

"Mama. Kuna mtu anakuja."

"Mteja?"

"Si mteja."

Mama alimtazama usoni. Akatazama simu aliyokuwa ameitoa na kuibana kifuani. Mguu wake ukaacha kukanyaga pedali, na gurudumu likazunguka peke yake, likapungua, likasimama. Akanyoosha mkono, akazima taa.

"Mshono wa mto nimeuona tangu asubuhi," alinong'ona. "Kama umeshonwa na kuku. Nikajipa moyo, nikasema ametazama tu. Umempa nani?"

"Ni watu wa ukoo, mama. Ni mambo ya kazi…"

"Na wengine? Umewaandika wote pamoja?"

Digrii akaibana simu zaidi. Mama akakaa chini sakafuni, taratibu, kama mtu aliyetua mzigo alioubeba maisha yake yote na kuukuta umevunjika ndani.

Mlango ukagongwa.

Chini. Karibu na kizingiti, kama anayegonga amelala.

Kisha ikaja sauti, nyembamba, ya upendo. Ilikuwa ya bibi, mama yake mama, aliyekufa mwaka ambao Digrii aliingia chuo. Iliita jina lile. Jina la uzi mweusi.

Mama akafumba macho. Midomo yake ikaanza kufunguka yenyewe. "Ab…"

Digrii akamziba mdomo kwa kiganja kabla *abee* haijatoka. Ngozi ya mama ilikuwa baridi kama kigae. Kwa mkono wa pili akafungua simu.

Chini ya jina la mama, neno lilikuwa limebadilika. Marehemu. Tarehe: leo.

Akalirudisha. Hai.

Sauti ikaita mara ya pili, imesogea, sasa iko kwenye tundu la kitasa. Mama akatetemeka mwili mzima. Neno likageuka tena. Digrii akalirudisha, likageuka, akalirudisha. Kidole chake kilikuwa kinateleza kwa jasho.

"Sikiliza," mama alinong'ona chini ya kiganja, pumzi yake ikikatika-katika. "Huyo anatembea kwa mstari. Nani kamzaa nani. Akipata jina, mwenye jina anakwenda, yeye anabaki. Ndiyo maana babu yako alitawanya majina yetu… tusisomeke."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungecheka."

Angecheka. Wote wawili walilijua hilo.

Harufu ya sanduku ikapenya chini ya mlango, nzito, ikakaa kooni. Kitasa kikaanza kuzunguka. Kwenye skrini, pembeni ya jina la mama, kulikuwa na vinukta vitatu ambavyo Digrii hakuwahi kuvigusa. Akavigusa.

*Ondoa kwenye ukoo. Mistari yote ya mtu huyu itafutwa, ya wazazi na ya watoto. Hatua hii hairudishwi nyuma.*

"Mama, nikikutoa humu…"

"Fanya haraka, mwanangu."

Sauti ikavuta pumzi ya kuita mara ya tatu.

Digrii akabonyeza.

Kimya.

Kitasa kikarudi mahali pake. Harufu ikapungua, ikaisha. Huko nje, hatua zikasikika zikienda pole pole, zikasimama kama za mtu aliyesahau alichofuata, zikaendelea. Mwili wa mama ulirudi na joto chini ya mkono wake, na Digrii akalia bila sauti, kichwa chake kikiwa kwenye bega la mama.

Mama akajitoa taratibu. Akasimama, akapapasa ukutani, akawasha taa.

Akamtazama Digrii aliyekaa sakafuni. Akatabasamu. Tabasamu lile la wateja.

"Samahani, dada yangu. Sikukusikia ukibisha hodi. Umekuja kuchukua au kuleta?"

"Mama…"

"Huku wananiita Fundi tu," alisema, akicheka kidogo. "Inuka, sakafu ina pini hiyo. Nani kakuliza? Mwanamume?"

Digrii akainuka. Akasema, "Nilikuwa nataka kushonewa gauni."

"Hilo ndilo la kusema. Simama wima."

Mama akatoa futi shingoni, akampima mabega, akampima kifua, vidole vyepesi, vya haraka, vya mtu anayefanya kazi yake. Alipofika nyuma ya shingo, vidole vikasimama. Vikakaa pale kwenye lile shimo dogo.

"Kisogo chako," alisema. "Nimewahi kukiona kwa mtu."

"Kwa nani?"

Mama alifikiri. Alifikiri muda mrefu, uso wake ukikunjamana kama anayejaribu kusikia redio ya chumba cha mbali.

"Sijui," alisema mwishowe, na macho yake yalikuwa na maji ambayo yeye mwenyewe hakuyaelewa. Akayafuta kwa kipande cha kitambaa.

Simu ikatetemeka mkononi mwa Digrii. Hakutaka kutazama. Akatazama. Kwenye mti, pale mama alipokuwa, palikuwa peupe. Na mstari wa babu, ule uliofutwa, ulikuwa umeota tena, unajivuta chini, unywele kwa unywele, ukivuka ule weupe kuelekea kisanduku cha mwisho.

Cha kwake.

"Jina uliloniandikia kuwa la kwako nalo si lako," Binamu aliandika. "Ulipozaliwa ulinong'onezwa jina gani?"

Hakujua. Hakuwahi kuuliza. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyelijua jina hilo, na mtu huyo alikuwa mbele yake, amefungua daftari la vipimo, penseli imeshikwa tayari.

"Haya," mama alisema kwa upole. "Nikuandike jina gani?"